Rangi au Nyeusi na Nyeupe: Kutoka Mombasa Hadi Sakitu ya Mlima Kenya

Siku ya 1: Mombasa, Mji wa Kale

Ni Januari, kaskazi imekolea, na joto la mchana mjini limeshavuka nyuzi 30. Safari inaelekea Mlima Kenya: kupanda kwa njia ya Sirimon, kushuka kwa njia ya Naro Moru, kisha kurudi pwani kusafisha filamu. Kazi ni kupiga mandhari ya baridi kali kwa rangi na kwa nyeusi na nyeupe, mahali pale pale na saa ile ile, halafu kuziweka picha ubavu kwa ubavu.

Wapigapicha wengi hugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe pale rangi inapokosa kupendeza. Huko ni kuchelewa. Uamuzi hufanywa kabla ya kubonyeza shata, na kinachouamua ni idadi ya mianga iliyopo mbele ya lenzi. Theluji ikipata jua upande mmoja na anga ya buluu upande mwingine, hiyo ni mianga miwili yenye rangi mbili, na rangi ndiyo itakayoonyesha baridi. Ikipata mwanga mmoja tu, wa kivuli kitupu au wa ukungu, rangi haina la kuongeza. Kinachobaki ni umbo, mistari na mparuzo wa jiwe, na hayo nyeusi na nyeupe huyaonyesha vizuri zaidi.

Hesabu ya baridi yenyewe ni nyepesi. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6.5. Ukianza na nyuzi 27, wastani wa Mombasa, kambi ya Shipton's iliyo mita 4,200 inapata karibu nyuzi 0, na kilele cha Lenana, mita 4,985, kinashuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri. Usiku wa anga safi huzidi hapo, kwa sababu ardhi hutoa joto lake lote juu bila wingu la kulizuia. Mlima uko ikweta, kwa hiyo hauna majira ya baridi ya miezi. Una kiangazi kila mchana na baridi ya majira hayo kila usiku. Theluji ya kutanda haina ahadi mwezi huu. Sakitu (umande ulioganda) na barafu juu ya vidimbwi huonekana karibu kila asubuhi ya anga safi.

Zoezi la leo halihitaji theluji. Ukuta uliopakwa chokaa, jua la saa tatu asubuhi likiupiga, unampa mpigapicha tatizo lile lile. Mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry unafaa sana, ukipigwa kutoka kichochoroni nje, kwa ruhusa na nje ya wakati wa sala. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kila kilichoko mbele yake kuwa kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ndiyo maana kanzu nyeupe ya bwana harusi hutoka chafu, na buibui jeusi hutoka limepauka. Theluji ni kanzu iliyojaza fremu nzima: kamera ikiachwa iamue, weupe wote utakuwa kijivu.

Hatua ni hizi. Jaza fremu kwa ukuta, weka ISO 100 (wepesi wa kamera au filamu kupokea mwanga) na tundu la lenzi f/8, kisha piga kwa kipimo cha kamera bila kuongeza kitu, halafu kwa kuongeza stopu 1, stopu 1⅔ na stopu 2⅓. (Stopu moja ni mwanga kuzidi mara mbili.) Fungua histogramu (grafu ya mwanga wa picha, weusi kushoto na weupe kulia) ya rangi tatu, siyo ile ya jumla. Fremu sahihi ni ile ambayo mlima wa weupe umesogea karibu na ukingo wa kulia bila rangi hata moja kuparamia ukingo huo. Kamera nyingi hukaa kati ya 1⅓ na 2. Nambari hiyo iandikwe kwenye kidaftari, ndiyo itakayotumika mlimani kwenye theluji yenye jua. Kwa filamu, kipima cha doa, kinachopima sehemu ndogo tu, huelekezwa kwenye weupe wenye mparuzo, kisha huongezwa stopu 2 kwa slaidi wala si zaidi, na 2 hadi 2½ kwa negativu.

Kuna kanuni ya zamani inayoonekana kupingana na hii: jua kali, weka f/16 na kasi inayolingana na ISO, na kwenye theluji au mchanga mweupe funga hadi f/22. Waliozoea kupiga ufuoni Nyali au Diani wanaijua. Hazipingani. Kanuni ya f/16 inapima mwanga unaoshuka, na pale weupe mwingi unaong'aa unahitaji stopu moja ipungue. Kamera inapima mwanga unaorudi, nayo hupunguza mno, ndipo unairudishia.

Mkobani: kamera ya dijitali, kamera ya filamu ya milimita 35, lenzi ya 24–70 na ya 70–200, tripodi yenye miguu iliyovishwa sponji, filta ya njano, ya rangi ya chungwa na nyekundu, filta ya polaraiza, na betri nne. Filamu ni FP4 Plus ya ISO 125 na HP5 Plus ya ISO 400 kwa nyeusi na nyeupe, na Portra 160 kwa rangi. Ektar 100, filamu nyingine ya rangi, imeachwa makusudi. Kwenye kivuli cha theluji huvuta buluu kupita kiasi na ni kazi kuirudisha. Muhimu kuliko vyote ni mifuko miwili isiyopitisha maji, ile ya kufunga kwa kukunja mdomo. Karatasi za plastiki haziruhusiwi kwenye mbuga: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziingii katika hifadhi.

Siku ya 2: Miritini hadi Nairobi

Kituoni Miritini mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine ya eksirei. Filamu ya ISO 100 hadi 400 hustahimili mashine za kawaida za namna hii ikipita mara chache. Ya ISO 800 kwenda juu, au ya 400 inayokusudiwa kusukumwa hadi 1600 (kupigwa kana kwamba ni ya 1600, kisha kuongezewa muda wa dawa), iombewe ukaguzi wa mkono. Weka roli zote katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, nje ya mkoba, na uombe kwa adabu kabla mkanda haujaanza kuzunguka.

Reli inapita kando ya nchi ya Rabai, na kwa mtu anayekwenda kupiga theluji hapo pana historia yake. Wamisionari Johannes Rebmann na Johann Ludwig Krapf walikaa Rabai. Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa ikweta. Hawakuwa na picha ya kumwonyesha. Wenyeji wa bara walikuwa wakiuona weupe ule siku zote.

Kutoka ndani ya behewa, mlima wa mbali hufunikwa na utusitusi. Utusitusi huo ni wa buluu, kwa hiyo filta nyekundu kwenye filamu nyeusi na nyeupe huukata na kurudisha umbo la mlima. Kwa rangi hakuna dawa ya maana. Lenzi ibandikwe kioo kwa kikinga mwanga cha mpira, kasi isiwe chini ya 1/500, na mwili usiegemee dirisha kwa sababu mtikisiko hupanda kupitia bega.

Siku ya 3 na ya 4: Nanyuki, lango la Sirimon, Old Moses

Barabara ya takriban kilomita 200 kutoka Nairobi, kisha lango la Sirimon, mita 2,650. Kulala hapo usiku mmoja kunasaidia mwili kuzoea. Siku inayofuata ni kilomita 9 za barabara ya msituni hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kuhusu picha za baridi hakuna mengi. Msitu ni kijani kitupu na mvua za mchana.

Jambo moja la kufanya Old Moses ni kupanga kamera. Hifadhi picha kama RAW (faili ghafi ya kamera), lakini skrini iwekwe kwenye nyeusi na nyeupe unapokusudia hivyo. Faili inabaki na rangi zote, ila jicho linaona mwanga na kivuli tu na linaacha kudanganywa na buluu. Mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyosoma rangi ya mwanga, ifungwe kwenye Kelvini 5,200 (mwanga wa Kelvini chache ni mwekundu, wa nyingi ni wa buluu). Ikiachwa ijichagulie, kamera itaona buluu ya kivuli cha theluji kama kosa na kuiondoa, na pamoja nayo itaondoa baridi yote uliyoifuata huku.

Siku ya 5: Hadi Shipton's, mita 4,200

Karibu kilomita 14 kupitia mabonde ya Liki Kaskazini na Mackinder. Hapa ndipo mimea ya ajabu inapoanza: senesio wakubwa kama minazi iliyopunguzwa, na lobelia wanaofunga majani usiku kukinga kiini chao dhidi ya jalidi. Kiini cha lobelia wa ardhi ya unyevu huwa na maji, na alfajiri uso wa maji hayo huwa umeganda.

Lobelia wenye sakitu huonekana somo la rangi, kijani kwa fedha. Lakini jua likiwa bado nyuma ya ukingo wa bonde, mwanga ni mmoja, wa anga tu, na picha ya rangi hutoka buluu sare isiyo na kina. Nyeusi na nyeupe hapo ndiyo yenyewe, kwa filta ya njano au, kwa dijitali, kwa kuinua kijani kidogo wakati wa kugeuza ili majani yatengane na mwamba. Sakitu inaondoka ndani ya dakika chache baada ya jua kuligusa jani. Tumia f/11, sogea hadi sentimita 40, na usipumue kuelekea lenzi: pumzi huganda kwenye kioo cha mbele, na ukifuta kwa kidole unaacha mafuta. Isubiri ikauke yenyewe au tumia brashi.

Kuna upungufu mmoja wa kanuni ya mianga miwili, na upo hapa hapa. Miamba ya Shipton's ina kuvu-mwani, utando mkavu unaoota juu ya jiwe, wa rangi ya chungwa. Hata katika kivuli kitupu, picha ya rangi inasimama, kwa sababu rangi imo kwenye kitu chenyewe. Ila chungwa liwe kidogo. Likijaza nusu ya fremu, picha inakuwa ya kuvu-mwani na baridi inasahaulika.

Siku ya 6: Kukaa Shipton's

Siku ya kuzoea hewa, na kwa kupiga picha ndiyo siku tajiri kuliko zote.

Januari jua liko kusini ya ikweta. Linachomoza kusini ya mashariki, linapita kusini ya utosi, linatua kusini ya magharibi. Matokeo yake, kuta za kaskazini za vilele viwili vikuu, Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), zinazotazama kambi hii, hukaa kivulini kutwa, na theluji iliyoshikamana nazo haiyeyuki upesi. Julai na Agosti ni kinyume: ukuta huo huoga jua na barafu huhamia upande wa kusini. Anayetaka kivuli cha buluu aje Shipton's Januari. Anayetaka mwamba mkavu wenye jua aje katikati ya mwaka.

Saa kumi na moja alfajiri, mwanga ni hafifu na filamu haina utii. Kipimo kikisema sekunde 10, FP4 Plus inahitaji takriban 18 na HP5 Plus takriban 20, kwa sababu filamu hupoteza wepesi wake mwanga unapokuwa mdogo. Ukivaa filta, ongeza kwanza stopu za filta, ndipo uhesabu marefusho haya. Ukigeuza mpangilio utakosa mwanga. Njano huchukua stopu 1, chungwa karibu 2, nyekundu 3. Dijitali haina tatizo hili.

Halafu jua linachomoza, saa kumi na mbili na nusu na dakika kadhaa. Ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kufikia dakika 40 limefika nyuzi 10 juu ya upeo na uvuguvugu wa mwanga umekwisha. Nchi za kaskazini zenye majira ya baridi hupata mwanga huo kwa saa nyingi kwa sababu jua hutambaa pembeni. Huku ni dakika 20 za maana, basi. Tripodi iwe imeshasimama, fremu imeshachaguliwa, lenzi imeshalengwa.

Katika dakika hizo, ncha za mashariki hushika wekundu na ukuta wote uliobaki ni buluu. Mianga miwili: huo wa jua chini ya Kelvini 3,500, huo wa kivuli juu ya 8,000. Piga rangi. Mizani ibaki 5,200, na ukisogeza baadaye usipite 5,800, maana kufika 7,500 kivuli kinakuwa kijivu na ncha inakuwa njano ya manjano ya kupikia. Angalia histogramu nyekundu peke yake. Kwenye theluji ya waridi nyekundu hufurika kwanza huku histogramu ya jumla ikionyesha pana nafasi, na nyekundu iliyofurika huacha doa la njano lisilo na mparuzo. Punguza ⅔ ya stopu kutoka nambari ya Mji wa Kale.

Maoni ya kipwani kidogo: kwa mtazamaji wa Mombasa, buluu peke yake ni bahari na ni upepo wa jioni. Haimpi baridi. Ile ncha ndogo yenye wekundu ndiyo inayomfanya asome buluu nyingine yote kama mahali jua halijafika. Fremu isikate ncha hiyo, hata kama ukuta wa kivuli una umbo zuri zaidi.

Saa tatu asubuhi rangi imekwisha na ukuta umebaki na mwanga wa anga tu. Badilisha. Kwenye mwinuko huu anga tayari ni nzito, kwa sababu hewa ya kutawanya mwanga ni chache. Filta nyekundu, inayopendwa sana na wanaoanza, huigeuza anga kuwa nyeusi ya lami, na kwa kuwa kivuli chote kimeangazwa na buluu, huzamisha pia theluji iliyoko kivulini. Ukuta unatoka mweusi wote na anga nyeusi nyuma yake; mstari wa mlima umepotea. Filta ya njano inatosha. Ukitaka zaidi, chungwa, na uongeze nusu stopu juu ya desturi yake kwa ajili ya kivuli. Kwenye dijitali kosa hilo hilo hufanywa kompyutani, kwa kushusha buluu hadi mwisho: hutokea chembechembe angani na utepe mweupe kando ya ukingo wa mwamba. Usipite theluthi moja ya kitelezi.

Polaraiza asubuhi hapa ibaki mkobani ikiwa lenzi ni pana kuliko milimita 35. Ukitazama kusini na jua liko mashariki, ukanda wa anga unaotiwa giza unasimama wima katikati ya fremu, na kila upande wake ni mwepesi. Tena huondoa mmeto wa chembe za theluji, na mmeto huo ndio unaoambia jicho kwamba weupe ule si chokaa.

Betri: mbili zikae mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili. Iliyoganda husema imekwisha ingawa chaji imo. Ikipashwa joto kwa nusu saa hurudi. Filamu nayo hukakamaa. Ivutwe polepole, sekunde tatu kwa fremu, kwa sababu hewa ni kavu na mvuto wa haraka huzalisha cheche za umeme tuli zinazoacha alama kama mizizi kwenye negativu. Kabla ya kuingia kibandani jioni, kamera ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji ikiwa bado nje, na isifunguliwe kwa saa moja na nusu. Mvuke wa jiko na pumzi za watu utaganda juu ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Maumivu ya kichwa yasiyotulia yakianza, kupanda kunasimama na picha zinasubiri.

Siku ya 7: Lenana, kisha Mackinder's

Kuondoka saa nane na nusu usiku. Njiani udongo umeinuliwa na sindano za barafu, minara midogo inayochipuka usiku maji ya ardhini yanapoganda. Zinaonekana vyema taa ya kichwani ikishikwa pembeni, chini kabisa: mwanga mmoja mkali wa ubavu, kwa hiyo nyeusi na nyeupe, ISO 800, f/8.

Kutoka Lenana, Nelion iko magharibi na uso wake wa mashariki unapokea jua la kwanza moja kwa moja. Rangi, bila mjadala, kwa lenzi ya kati ya milimita 70 na 100. Tazama pia kando yake: kivuli cha mlima mzima hulala juu ya utusitusi wa magharibi kama pembetatu. Hicho ni hafifu mno kwa rangi. Nyeusi na nyeupe yenye filta ya njano hukiokoa, na negativu yake hurefushiwa muda wa dawa.

Mteremko wa kuelekea kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, unapita juu ya barafuto ya Lewis. Tangu ipimwe 1934 sehemu kubwa sana imeyeyuka, na kilichobaki kimejaa vumbi. Mtu aliyezoea kutafuta uzuri hapa atavutwa na nyeusi na nyeupe, na kwa umbo la nyufa ana haki. Lakini picha ya kuhifadhi kumbukumbu iwe ya rangi. Kwa filta ya chungwa au nyekundu, barafu chafu na mwamba mtupu hutoka kijivu kimoja, na mtu wa miaka ijayo hataweza kujua ukingo wa barafu ulikuwa wapi. Piga saa nne hadi saa sita jua likiwa juu, vivuli vifupi, f/8. Andika mahali kwa nambari za GPS, urefu wa lenzi, kimo cha tripodi, saa, na mwelekeo wa dira, ili mwingine asimame pale pale. Kidaftari na penseli. Kalamu ya wino huganda.

Alasiri bonde la Teleki, iliko kambi ya Mackinder's. Upande huu wa kusini una jua mwezi huu, mwamba mkavu na barafu chache kwenye nyufa. Picha zake ni za mlima, si za baridi.

Siku ya 8: Kushuka hadi lango la Naro Moru

Ukungu tangu asubuhi, matope, senesio wakitokea na kupotea. Mwanga mmoja kila upande. Nyeusi na nyeupe tu, bila filta, ongeza ⅔ hadi stopu 1, kwa sababu ukungu nao hudanganya kipima. Histogramu itakuwa nyembamba, imejikusanya katikati. Hilo ni sawa. Tafuta kitu kimoja cheusi karibu, shina la senesio kwa mfano, lisimamie fremu. Bila hicho ukungu ni karatasi tupu. Roli hii itiwe alama ya kuongezewa muda wa dawa.

Siku ya 9: Kurudi Mombasa

Hatari kubwa kwa vifaa haiko mlimani, iko Miritini mlangoni mwa treni. Hewa ya Mombasa Januari huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 au 25, na behewa lenye kiyoyozi ni baridi kuliko hapo. Kamera ifungwe ndani ya mfuko kabla ya kituo na ifunguliwe nyumbani baada ya saa mbili. Filamu hali kadhalika. Lenzi zilale kwenye kisanduku chenye chembe za silika, unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Juu ya 65 kuvu hupata makazi. Silika ikibadilika rangi, ikaushwe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo.

Siku ya 10: Kusafisha filamu

Maji ya bomba mjini yana takriban nyuzi 30, na majedwali ya dawa za nyeusi na nyeupe yameandikwa kwa nyuzi 20. Wanaopiga rangi wana nafuu: dawa ya C-41 hutaka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na kutoka 30 kufika 38 ni kazi ndogo. Nyeusi na nyeupe inataka kushushwa.

Usitumbukize barafu kwenye dawa iliyokwisha changanywa. Itaipunguza nguvu bila kipimo. ID-11, dawa ya nyeusi na nyeupe, huchanganywa nusu kwa nusu na maji, na hapo ndipo pa kushushia joto: mililita 300 za dawa ya nyuzi 30 na mililita 300 za maji ya friji ya nyuzi 10 hutoa 600 za nyuzi 20, zinazotosha roli mbili. Barafu iwekwe kwenye beseni la nje. Gramu 100 za barafu hushusha lita moja ya maji kutoka 30 hadi 20.

Lakini kwa Mombasa ni busara zaidi kufanya kazi nyuzi 24 mwanzo hadi mwisho, maji ya friji yakiwa ya 18. Ukisafisha kwa 20 kisha ukasuuza kwa bomba la 30, utandu wa filamu unavimba ghafla na kulainika, na unaweza kukunjamana kuwa nyufa ndogondogo zisizotoka. HP5 Plus ya ISO 400 inayochukua dakika 13 kwa nyuzi 20 huchukua karibu 9 kwa nyuzi 24. FP4 Plus ya dakika 11 huchukua karibu 8. Pindua tangi mara 4 katika sekunde 10 za kwanza za kila dakika. Roli ya ukungu na ya kivuli cha mlima iongezwe asilimia 15 hadi 20. Roli ya Lenana, yenye theluji ya jua na mwamba mweusi, ipunguzwe asilimia 20, mradi iliongezewa stopu moja wakati wa kupiga. Isipoongezewa, usipunguze, vivuli vitakuwa vitupu.

Fiksa, dawa ya kuimarisha picha, dakika 4. Suuza kwa kujaza tangi na kupindua mara 5, mwaga. Mara 10, mwaga. Mara 20, mwaga. Maji ya visima vya kisiwani mengi yana chumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, yenye tone la dawa ya kutelezesha maji. Ning'iniza bafuni mlango umefungwa, feni imezimwa. Unyevu utafanya ikauke kwa saa nne au tano. Kuwasha feni ni kuita vumbi.

Siku ya 11: Kuchapa na kulinganisha

Karatasi ya picha nayo husumbuliwa na joto: trei ya dawa ikae juu ya trei nyingine yenye maji ya barafu, dakika 2 kwa nyuzi 20. Ukuta wa kaskazini unaanza na gredi (kiwango cha karatasi kutenganisha weusi na weupe) 2½, ukungu na gredi 3½. Chapa kipande cha kupimia kwenye theluji kwanza: karatasi isipoonyesha kijivu chepesi pale palipo na mparuzo, ongeza sekunde. Karatasi ikikauka huwa nzito kidogo, basi ipunguze asilimia 5 hadi 8 kutoka ile iliyopendeza ikiwa majini.

Wapo wanaotia nyeusi na nyeupe rangi ya buluu kompyutani ili ionekane baridi. Sioni faida. Buluu hiyo inapaka mwamba, anga na theluji kwa kiwango kimoja, na kule mlimani mwamba haukuwa na buluu ile. Karatasi ya toni baridi, au dawa hafifu ya seleniamu, inatosha.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu, jozi ya alfajiri Shipton's inabaki ya rangi; nakala yake nyeusi na nyeupe haitofautishi ncha yenye jua na theluji ya kivuli ila kwa wepesi wa kijivu. Jozi ya saa tatu, ukuta ule ule, inabaki nyeusi na nyeupe. Ya ukungu haina mshindani. Sindano za barafu vivyo hivyo. Ya Lewis ihifadhiwe zote mbili, ya rangi ikiwa na maelezo yake ya GPS nyuma ya karatasi kwa penseli laini, na negativu zake ziwekwe kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi ndani ya kisanduku chenye silika, kikaguliwe kila mwezi hadi kaskazi iishe.